Kitambi, Mafuta ya Damu na Figo: Nani Anamuumiza Nani?

Chukua mfano wa karatasi ya majibu ya maabara iliyoandikwa hivi: trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) 2.6, HDL (kolesteroli nzuri) 0.8, zote kwa milimoli kwa lita, na kreatinini (taka ya misuli ambayo figo huitoa) mikromoli 88 kwa lita. Mwenye karatasi ni mwanamume wa miaka 43, na kiuno chake ni sentimita 106. Huyu mara nyingi huambiwa maneno ambayo wengi wetu tumeshayasikia: mafuta yako juu kidogo, punguza chipsi, ila figo ziko salama. Anatoka pale amefarijika.

Aliyemwambia hivyo hakusema uongo, lakini ameacha nje sehemu kubwa ya habari. Kreatinini ya 88 haijathibitisha kwamba figo ni nzima. Imesema tu kwamba kazi ya kuchuja damu bado haijashuka chini ya kiwango cha kawaida. Mafuta yale ya damu nayo hayakutokana na chipsi peke yake. Na kile kiuno cha sentimita 106, ambacho hakikuandikwa popote kwenye karatasi, ndicho kilichostahili kusomwa kwanza.

Mambo haya matatu, yaani tumbo, mafuta ya damu na figo, yamefungamana kiasi kwamba hata watafiti wamebishana kwa miongo mingi kuhusu lipi linatangulia. Naamini msomaji wa kawaida anaweza kuuelewa ubishi huo bila kusomea udaktari, na akishauelewa atauliza maswali tofauti kabisa siku atakapokabidhiwa karatasi yake.

Figo ni viungo viwili vyenye ukubwa wa ngumi, vimelala mgongoni chini ya mbavu, kila kimoja kimezungukwa na tabaka lake la mafuta. Uzito wa zote mbili haufiki nusu kilo, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Kwa siku moja huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, zikarudisha mwilini karibu yote, na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Kazi hiyo hufanywa na vichujio vidogo visivyoonekana kwa macho, takriban milioni moja katika kila figo. Watu hutofautiana sana hapa. Waliozaliwa njiti au na uzito mdogo mara nyingi huanza maisha na vichujio vichache kuliko wenzao. Kichujio kikifa hakioti kingine, na vilivyobaki hubeba kazi ya kilichokufa.

Kila kichujio ni fundo la mishipa membamba ya damu. Juu ya mishipa hiyo zimekaa seli ziitwazo podositi, ambazo hunyoosha vidole vyembamba na kuvipishanisha. Katikati ya vidole hivyo ndipo maji na taka hupita, huku protini ikizuiwa isitoke. Podositi haziongezeki idadi mtu akishakuwa mtu mzima. Jambo hili dogo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

Tuje kwenye tumbo. Mafuta ya mwili si ya aina moja. Yapo yanayokaa chini ya ngozi, mapajani, makalioni na mikononi, ambayo ukiyabana kwa vidole unayashika. Yapo mengine yanayokaa ndani kabisa ya tumbo, yakizunguka utumbo, ini na figo. Haya huwezi kuyashika, unayajua tu kwa jinsi yanavyolisukuma tumbo mbele. Mwaka 1947 daktari Mfaransa, Jean Vague wa Marseille, alieleza kwamba wanene ambao mafuta yao yamekaa sehemu ya juu ya mwili na tumboni hupata kisukari na magonjwa ya mishipa kuliko wale ambao mafuta yao yamekaa nyongani na mapajani. Ilipita miaka mingi kabla hajasikilizwa ipasavyo, na hata leo kliniki nyingi humpandisha mtu kwenye mizani, zikaandika kilo, zikaliacha tumbo bila kulipima.

Huku kwetu kitambi kimekuwa kikisomwa kama dalili ya mambo kunyooka: mtu amepandishwa cheo, biashara imekubali, ndoa imemkubali. Sipendi kumdhihaki mtu kwa mwili wake, na dhihaka haijawahi kumpunguza mtu hata kilo moja. Lakini heshima hiyo tunayokipa kitambi imetufanya tusikitazame kwa macho ya afya hadi siku ya presha na sukari.

Mafuta ya ndani ya tumbo hayakai kimya. Humwaga asidi za mafuta kwenye mshipa unaotoka utumboni kwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likizidiwa huanza kutoitikia insulini ipasavyo, na wakati huohuo hufunga mafuta hayo katika vifurushi na kuyarudisha kwenye damu. Vifurushi hivyo ndivyo vilivyobeba trigliseridi unazoziona kwenye karatasi. Vikijaa kwenye damu, HDL, ile inayoitwa kolesteroli nzuri, hushuka. Kwa hiyo trigliseridi kupanda na HDL kushuka kwa pamoja mara nyingi ni habari ya ini lililozidiwa, na nyuma ya ini kuna tumbo.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Trigliseridi hazipimi mafuta uliyopikia jana peke yake. Ini hutengeneza mafuta kutokana na sukari na pombe pia, tena kwa wepesi. Mtu anaweza kuacha nyama ya mafuta kabisa, akabaki na soda mbili kwa siku, chai ya vijiko vinne vya sukari na bia za jioni, kisha akashangaa mbona kipimo hakishuki. Ameacha kitu kimoja na kubakiza kingine ambacho ini linakigeuza kuwa kilekile.

Sasa, tumbo linaziumiza vipi figo? Njia ya kwanza ni shinikizo. Mwili mkubwa unahitaji kusafishwa zaidi, hivyo figo huongeza kasi ya kuchuja. Tishu za mafuta nazo hutengeneza angiotensinojeni, malighafi ya homoni inayobana mishipa, na mfumo mzima wa homoni hizo huziamuru figo zishike chumvi. Insulini, ambayo huwa juu kwa mwenye kitambi, nayo huzifanya figo zishike chumvi. Juu ya hayo, mafuta yaliyojaa kuzunguka figo na kuingia kwenye uwazi wake wa katikati huibana mishipa yake. Katika utafiti wa muda mrefu wa mji wa Framingham, Marekani, matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionyesha kwamba watu waliokuwa na mafuta mengi katika uwazi huo wa figo walikuwa na presha na ugonjwa sugu wa figo zaidi ya wenzao, hata uzito wa mwili ulipozingatiwa katika hesabu.

Matokeo yake ni kwamba vichujio hufanya kazi kwa nguvu kupita kiasi, vikavimba na kutanuka. Podositi, ambazo haziwezi kuongezeka, hulazimika kufunika eneo kubwa kuliko zilivyoumbiwa, kama khanga ya mtoto inayolazimishwa kumsitiri mtu mzima. Vidole vyake hupanuka na kuachana, nyingine hung'oka kabisa na kutoka na mkojo. Palipoachwa wazi protini huvuja, na baadaye pakafanya kovu.

Hili limeonekana kwenye darubini. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa wenye unene uliokithiri waliokuwa wakipoteza protini nyingi kwenye mkojo. Miaka ya baadaye, Chuo Kikuu cha Columbia kilipitia maelfu ya vipande vya figo vilivyochunguzwa hapo. Kati ya 1986 na 1990, ugonjwa wa figo unaotokana na unene ulionekana kwenye asilimia 0.2 ya vipande hivyo. Kati ya 1996 na 2000 ulifika asilimia 2.0. Mara kumi ndani ya muongo mmoja, sambamba na jinsi unene ulivyokuwa ukiongezeka nchini humo. Wengi wa wagonjwa hawa hawavimbi miguu wala uso, hawasikii maumivu, na damu yao kwa muda mrefu haionyeshi kasoro kubwa.

Hii ndiyo sababu ile kreatinini ya 88 isimlaze mtu usingizi. Katika hatua za mwanzo za madhara ya kitambi, figo huchuja zaidi ya kawaida, si chini. Kipimo kinaweza kuonekana kizuri kwa sababu figo ziko kazini kupita uwezo wake. Uchujaji unapoanza kushuka unapita kwanza kwenye eneo la "kawaida", na mtu akipimwa katika kipindi hicho ataambiwa hana tatizo. Kuna na hili: maabara huandika kazi ya figo kwa kuilinganisha na mwili wa eneo la mita za mraba 1.73. Kwa mtu mwenye mwili mkubwa, ulinganisho huo huificha ile kasi iliyopitiliza.

Je, mafuta ya damu yenyewe yanaumiza figo? Mwaka 1982 Moorhead na wenzake wa London walitoa nadharia kwamba figo ikianza kuvuja protini, ini hujibu kwa kutengeneza mafuta zaidi, na mafuta hayo nayo huingia kwenye vichujio na kuzidisha uharibifu. Wanyama waliolishwa kolesteroli nyingi maabara walionyesha madhara ya namna hiyo, na seli za figo zikibebeshwa mafuta kweli hudhoofika. Nadharia ilivutia, na ilikuwa na mantiki. Ikasubiri kupimwa kwa binadamu.

Jibu kubwa lilikuja mwaka 2011 katika utafiti ulioitwa SHARP. Watu zaidi ya 9,000 wenye ugonjwa sugu wa figo waligawanywa, nusu wakapewa dawa mbili za kushusha kolesteroli, simvastatini na ezetimibe, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa. Waliopewa dawa walipata pungufu la asilimia 17 katika matukio makubwa ya mishipa kuziba, kama shambulio la moyo na aina fulani za kiharusi. Hiyo ni faida kubwa, na ndiyo maana mgonjwa wa figo anayeandikiwa statini, jamii ya simvastatini, asiidharau: wengi wao hufa kwa moyo kabla figo hazijafika mwisho. Lakini kasi ya figo kuelekea kushindwa kabisa haikubadilika. Kolesteroli ilishuka, figo zikaendelea na mwendo wake uleule.

Upande wa trigliseridi hali inafanana na hiyo. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa dawa ya pemafibreti kwa watu zaidi ya 10,000 wenye kisukari na trigliseridi zilizopanda. Dawa ilizishusha kwa takriban robo, lakini matukio ya moyo na mishipa hayakupungua, na madhara ya figo yaliripotiwa zaidi kwa waliomeza dawa.

Mimi nayasoma matokeo haya hivi: mafuta ya damu ni shahidi mzuri wa kinachoendelea tumboni na kwenye ini, na kwa moyo ni mshitakiwa halisi, hasa LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya. Kwa figo, mkosaji mkubwa ni tumbo lenyewe pamoja na presha na kisukari vinavyoambatana nalo. Anayeshusha trigliseridi kwa kidonge na kuliacha tumbo lilivyo amesafisha karatasi ya maabara tu. Trigliseridi zilizopanda sana, zaidi ya 5.6, ni suala jingine. Hizo hutibiwa kwa haraka kwa sababu zinaweza kulifanya kongosho livimbe, na hatari hiyo haingoji miaka.

Kuna pia njia ya kurudi, nayo husahaulika mno. Figo zilizoharibika zenyewe hupandisha mafuta ya damu. Kazi ya kuchuja ikishuka, kimeng'enya kinachovunja trigliseridi kwenye mishipa hudhoofika, zikakaa kwenye damu kwa muda mrefu zaidi, na HDL ikashuka. Figo zikivuja protini nyingi, ini hushtuka kwa upungufu wa albumini, protini kuu ya damu, likatengeneza protini kwa wingi na pamoja nayo kolesteroli. Ndipo unapokutana na kijana mwembamba, uso umevimba asubuhi, mkojo una povu lisiloisha, kolesteroli imefika 9 au zaidi. Kumwambia huyu apunguze mayai ni kumpotezea muda. Mafuta yake yanatoka kwenye figo, na mkojo wake unatakiwa upimwe siku hiyohiyo.

Kwa msomaji mwenye asili ya Kiafrika kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya ng'ambo havimwambii. Mwaka 2000 watafiti wa Quebec, Kanada, walipendekeza njia rahisi ya kumtambua mwenye mafuta mabaya ya tumbo: kiuno cha sentimita 90 au zaidi pamoja na trigliseridi za 2.0 au zaidi kwa mwanamume. Njia hiyo ilifanya kazi kwao na kuenea duniani. Lakini tafiti zilizofanywa kwa Wamarekani weusi na kwa watu wa Afrika Magharibi zimeonyesha kwamba trigliseridi zao huwa chini hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi vizuri, kwa sababu kile kimeng'enya kinachozivunja kwao kina nguvu zaidi. Mtu anaweza kuwa na kitambi, ini lililojaa mafuta na kisukari kinachobisha hodi, na trigliseridi zikasoma 1.2. Kwa Wahindi wa pwani yetu na wa miji yetu mambo huenda kinyume: wana mafuta ya ndani ya tumbo na trigliseridi za juu hata kwa kiuno ambacho Mzungu angekiita cha kawaida. Kwa hiyo trigliseridi nzuri kwa Mwafrika mwenye kitambi si hati ya kumwachia huru. Kiuno ndicho cha kuaminiwa zaidi.

Wapo waliojaribu kuunganisha vipimo viwili katika namba moja. Mwaka 2005 mtafiti wa Marekani, Henry Kahn, alipendekeza hesabu hii: kwa mwanamume, toa 65 kwenye sentimita za kiuno, kisha zidisha kwa trigliseridi; kwa mwanamke, toa 58, kisha zidisha. Namba hizo, 65 na 58, zilichukuliwa kwenye viuno vyembamba kabisa vya vijana katika takwimu za Marekani. Yule bwana wa sentimita 106 na trigliseridi 2.6 anapata 41 mara 2.6, yaani 106.6. Mwenzake wa sentimita 84 na trigliseridi 1.0 anapata 19. Tafiti nyingi, hasa za Asia, zimekuta namba hii ikipanda sambamba na ugonjwa wa figo. Mimi naiona ni ya manufaa kwa kumfuatilia mtu yuleyule mwaka hadi mwaka. Kuitumia kumhukumu mtu kwa kumlinganisha na jirani yake si sahihi, kwa sababu hakuna kikomo kimoja kilichokubalika duniani, na ile tofauti ya trigliseridi za Waafrika imo ndani yake.

Kiuno chenyewe hupimwa kwa tepu ya fundi cherehani, lakini wengi hupima wanapofungia mkanda wa suruali, na mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo. Hapo atajidanganya kwa sentimita kumi au zaidi. Simama wima, vua shati au lipandishe, tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho kabisa, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Tepu ipite katikati ya hapo, sambamba na sakafu pande zote, bila kukaza. Pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linashauri Waafrika watumie vikomo vya Wazungu, sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Uchambuzi wa takwimu kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara uliotolewa mwaka 2017 ulipata kikomo cha karibu sentimita 81 kwa jinsia zote mbili, maana yake huenda wanaume wetu wanaonywa wakiwa wamechelewa. Njia nyepesi zaidi ni kulinganisha kiuno na urefu: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 170 asivuke 85.

Tatizo hili limeshafika kwetu. Kenya, katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Kaskazini mwa Tanzania, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulipata ugonjwa sugu wa figo kwa asilimia 7 ya watu wazima waliopimwa, lakini ukitenganisha makazi, mjini ilikuwa zaidi ya asilimia 15 na vijijini asilimia 2. Tofauti hiyo ya mji na kijiji haiwezi kubebeshwa kitambi peke yake. Ila mtu yeyote anayejua maisha ya mjini, kukaa kwenye kiti kutwa, bodaboda hadi mlangoni, chipsi mayai na soda usiku, hatashangaa sana.

Vipimo vya kreatinini navyo vina udhaifu wake kwetu. Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo mtu mwenye misuli kidogo, mzee au aliyedhoofu, ataonekana ana figo nzuri kuliko alizonazo. Utafiti uliofanyika Malawi, Uganda na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu zinazotumika hospitali na kipimo halisi cha uchujaji, ukakuta hesabu za kreatinini zinaipamba kazi ya figo kuliko ilivyo. Na kwa miaka mingi hesabu hizo zilikuwa na nyongeza ya takriban asilimia 16 kwa mtu mweusi, iliyoondolewa Marekani mwaka 2021. Maabara ambayo bado inaiweka hiyo nyongeza inamwonyesha mgonjwa figo bora kuliko zake.

Kipimo ambacho yule bwana hakufanyiwa, na ambacho kingeweza kusema ukweli mapema, ni cha mkojo: uwiano wa albumini na kreatinini. Ukifika miligramu 30 kwa gramu, au 3 kwa milimoli kwa maabara zinazotumia vipimo hivyo, kichujio kimeanza kuvuja. Kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo ni cha bei nafuu na ni bora kuliko kutopima, lakini uvujaji mdogo hukipita. Mwenye kitambi pamoja na presha au kisukari ana haki ya kukiomba kipimo cha uwiano huo kwa jina lake kila mwaka.

Habari njema ni kwamba uharibifu wa mwanzo unasikiliza tumbo likipungua. Huko Hispania, mwaka 2003, wagonjwa wanene waliokuwa wakivuja protini waliwekwa kwenye mlo wa kupunguza uzito. Walipungua kwa wastani wa asilimia 4 tu ya uzito wao, na protini kwenye mkojo ikapungua kwa karibu theluthi. Asilimia 4 kwa mtu wa kilo 95 haifiki kilo 4. Nasisitiza namba hii kwa sababu wengi hukata tamaa wakidhani lazima wawe wembamba kwanza ndipo figo zipone.

Dawa zipo pia, na zimesonga mbele. Losartani, enalapril na jamii zake hushusha shinikizo ndani ya kichujio. Dapagliflozini na empagliflozini, zilizoanza kama dawa za kisukari, zimethibitika kuchelewesha kushindwa kwa figo hata kwa baadhi ya wasio na kisukari. Mwaka 2024 utafiti uitwao FLOW, uliohusisha watu 3,533 wenye kisukari na ugonjwa wa figo, ulionyesha kwamba sindano ya semaglutidi, inayopunguza uzito, ilipunguza matukio makubwa ya figo na vifo vya figo na moyo kwa asilimia 24. Bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi wetu, na hilo linaniuma, maana mgonjwa anayenyimwa kinga ya leo ndiye atakayehitaji kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kesho.

Kinachonitia hofu zaidi ni zile chai na unga wa "kuyeyusha kitambi" zinazouzwa mitandaoni na kwenye vituo vya mabasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito walipewa mchanganyiko wenye mitishamba ya Kichina. Ndani yake ulikuwamo mmea wenye asidi ya aristolokiki. Mwaka 1993 madaktari waliripoti kwamba figo za wanawake hao zilikuwa zikifa kwa kasi, na hatimaye waliogundulika walipita 100, baadhi yao wakapata pia saratani ya njia ya mkojo. Walikwenda kutafuta kiuno, wakarudi na mashine ya kusafisha damu. Unga usioandikwa kilichomo usiingie mwilini mwako, hata kama aliyekuuzia ni shangazi yako. Tahadhari kama hiyo ni kwa diklofenaki na ibuprofeni za kununua dukani na kumeza kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti, maumivu ambayo kitambi chenyewe huyaleta.

Kipimo cha albumini kikirudi kimepanda, kisichukuliwe kama hukumu ya siku ile. Homa, maambukizi ya njia ya mkojo, hedhi na mazoezi makali ya siku iliyotangulia huweza kukipandisha kwa muda. Hurudiwa, ikiwezekana kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, na ugonjwa huitwa sugu pale tu hali inapodumu kwa miezi 3 au zaidi. Katika miezi hiyo 3 presha ipimwe, sukari ipimwe, tepu ipite kiunoni kila baada ya wiki chache, na siku ya kurudi maabara namba zote nne ziwekwe mezani kwa pamoja mbele ya daktari: kiuno, trigliseridi, kreatinini na albumini ya mkojo.